Sweta la Klementina

Asubuhi ile nilifika wodini nimefura. Vidonge vilikuwa vinapungua kabatini, na wenye ufunguo tulikuwa wawili tu: mimi Scola, na Klementina. Mimi sijachukua. Basi hapo kuna fumbo gani tena?

Ulikuwa mwaka ule wa kupunguza watumishi. Sumbawanga mjini maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanaota kama uyoga, na kila nesi alikuwa mwizi machoni pa watu. Nikasema, kumbe na huyu! Tumesoma wote, tukapangiwa wote wodi hii ya wagonjwa wa akili ambayo wenzetu waliikimbia, wagonjwa arobaini kwa manesi wawili, halafu anauza dawa zao? Mwezi mzima alikuwa kimya, hali chakula, ukimsalimia anakujibu ukiwa umeshasahau kwamba umemsalimia. Nikajua dhamira inamsuta. Mjinga mimi! Hayo ningeyaona kwa mgonjwa, ningeyaandika kwenye faili kabla chai haijapoa. Lakini huyu alivaa gauni jeupe na alikuwa na funguo kiunoni.

Saa nne nikaanza kugawa dawa peke yangu. Klementina alisema anakwenda stoo kuhesabu mablanketi. Haya, nikasema moyoni, nikimaliza nakufuata huko huko, leo utanitambua. Kwetu dawa hugawiwa hivi: mgonjwa akishameza, unamwambia afungue kinywa na ainue ulimi, maana wapo wanaoficha kidonge wakakiteme nje.

Kitanda cha saba alilala Mzee Sebastiani wa Kasense, mkulima wa ulezi, ambaye siku zake nzuri alinizidi akili. Nikamkuta amevaa sweta jekundu la kike, mikono imeishia viwikoni.

“Shikamoo, mzee. Sweta la nani hilo?”

“Marahaba. La Sista Klementina. Amenipa.”

“Amekuazima?”

“Amenipa, mwanangu. Amepita kitanda kwa kitanda, anachuchumaa na kutupigia makofi, mmoja mmoja, kama mtu anayeaga wakwe. Nikamwuliza, unahamishwa? Akacheka tu.”

Hakuna aliyemhamisha. Na ilikuwa Julai. Hakuna mtu wa Ufipa anayegawa sweta lake Julai, labda asiyetegemea kusikia baridi tena.

Nilimtupia mhudumu sinia la dawa nikakimbia. Niliogopa, jamani. Mimi niliyewahi kukabwa koo na mgonjwa nikamtukana! Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa.

“Klementina! We Klementina!”

Nikagonga kwa ngumi. Funguo zangu zilikuwa saba, na kila niliouchomeka haukuwa wenyewe. Nikaanza kumwomba Mungu kwa Kifipa, kwa sauti, kama mama yangu. Wa sita ukafungua.

Alikuwa amekaa juu ya magodoro, kikombe cha maji pembeni. Mapajani alikuwa ametandaza kitambaa, na vidonge vimejaa juu yake. Vyote, au vilivyobaki?

“Umemeza?”

Akatikisa kichwa. Sikumwamini. Nikamshika kidevu.

“Fungua kinywa.”

Akafungua.

“Inua ulimi.”

Akainua taratibu, kama wagonjwa wetu wanavyofanya. Hapakuwa na kitu. Nikapiga magoti nikavimwaga vile vidonge sakafuni, nikavihesabu, mara mbili, huku nalia. Vilitimia, vile vile vilivyopungua kabatini.

“Scola, usiandike,” akasema. “Orodha ya kupunguzwa inakwenda Ijumaa. Wakisikia naumwa haya, jina langu ndilo la kwanza. Na nyumbani Chala watasema nimerogwa.”

“Basi niambie hutarudia. Niambie tu, nami nitanyamaza.”

Akaokota kile kitambaa akakikunja pembe kwa pembe. Hakusema. Laiti angenidanganya! Nilitamani mno kudanganywa siku ile.

Nikamfungua funguo zake kiunoni, nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe kwa daktari. Faili nililiandika mimi: jina, umri, kitanda. Palipoulizwa kazi niliandika “muuguzi”. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa kwa ajili yangu, maana usingizi hata mimi ulikuwa umenihama siku nyingi.

Ijumaa jina lake lilikuwamo kwenye orodha. Alilazwa wiki sita. Mzee Sebastiani alimrudishia sweta, amelifua kwa mikono yake. Mimi hakunisemesha tena.

Sasa anauza maharage sokoni. Ukimwuliza atakwambia Scola ndiye aliyemfukuzisha kazi, na ni kweli. Nikimsalimia anageukia mizani. Sawa, anune hadi azeeke. Kila Julai ikiingia napita mbele ya meza yake asubuhi, namtazama kama amevaa lile sweta. Nikiona amelivaa, naenda zangu kazini.