Jagi la Mama

Asuman alikuwa fundi wa kuficha mambo, na ufundi huo ulizidi hata ule wa kuuza sabuni, ingawa duka lake la jumla mjini Mbale lilikuwa na jina. Alipoambiwa ana saratani ya damu, alimweleza mkewe Kadija peke yake. Wengine wote waliambiwa mzee amebanwa na kazi. Hata hitima ya mama yake kule Walukuba, Jinja, ilipomkuta amelazwa hospitali Kampala, alituma salamu zile zile: amebanwa na kazi. Dada yake mkubwa, Zahara, alizipokea, akazitia moyoni, na tangu siku hiyo hakushika tena simu ya Asuman.

Sasa Asuman alikuwa amepata nafuu kubwa. Kila siku, akishakula chakula cha mchana, alimeza kidonge chake kwa gilasi kubwa ya maji, na vipimo vilikuwa vinampendeza daktari. Mashavu yalikuwa yamerudi, na kitambi kilikuwa njiani. Alichokosa ni dada yake, na hilo lilimuuma kuliko sindano zote alizowahi kuchomwa. Basi Zahara alipomtumia neno kwamba aje ale kwake Jinja, Asuman alipanda basi la asubuhi akiwa na furaha ya mtoto siku ya Idi.

Jagi hakulikumbuka mpaka alipoliona.

Mama yao alipanda mbalungi uani, na nyumbani kwake ugomvi ulikuwa na dawa moja tu. Waliokosana waliketi mkekani, wakanywa juisi ya balungi kutoka jagi moja la enameli, mkubwa kwanza, mdogo akamalizia. Aliyekunywa amesamehe na amesamehewa, na habari imekwisha. Asiyekunywa, basi, hakuna wa kumbembeleza.

Walikula pilau bila maneno mengi. Sulait, mume wa Zahara, alijaribu kutania juu ya kitambi cha shemeji, utani ukafa mdomoni. Kisha Zahara akatoka jikoni na jagi lile la mama, limejaa juisi ya balungi, akaketi, akanywa nusu, akamnyoshea mdogo wake.

"Kunywa."

Asuman alikuwa tayari ameshika kidonge mfukoni. Nesi Adero wa kule hospitali alimwonya tangu siku ya kwanza: "Balungi usiguse, mzee, hata juisi yake. Inafanya dawa ijae kwenye damu kupita kiasi. Na miti shamba pia, uliza kwanza." Akawaza, je, leo nisimeze, ninywe juisi, kesho niendelee? Lakini hilo nalo nesi alikuwa amelifunga: balungi linakaa mwilini hata kesho yake, na ukiruka dawa kwa kupenda kwako unaupa ugonjwa nafasi. Mwanamke yule alikuwa ameziba kila mlango. Asuman alimkasirikia kidogo, kisha akaona haya.

"Dada, siwezi."

Zahara alilivuta jagi kwake. "Kumbe ulikuja kunikatalia kwangu, mbele ya bwana yangu."

"Siku ya hitima mimi haikuwa na kazi, dada. Mimi ilikuwa hospitali. Ni saratani, iko ndani ya damu. Nakunywa dawa kila siku, na dawa yenyewe haipatani na balungi. Niliogopa kukuambia, ndiyo nikasema uongo."

Zahara aliweka jagi chini. Akamchapa Asuman kofi la bega, kofi la kweli, kisha akamvuta kifuani na kulia kwa sauti.

"Kichwa ngumu wewe! Mimi nakununia mwaka mzima, kumbe wewe nalala na dripu!"

"Ninaendelea vizuri, dada. Haki ya Mungu, vizuri sana."

Zahara alijifuta macho kwa upindo wa leso. "Hiyo dawa inataka nini?"

"Chakula, na nimekula. Halafu maji, mengi."

Zahara akammiminia mumewe juisi iliyobaki, akaenda bombani kusugua jagi ndani na nje, akalijaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Aliporudi aliketi pale pale mkekani, akanywa nusu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Kisha akamnyoshea.

Asuman alitia kidonge mdomoni kizima, akanywa mpaka jagi likakauka. Yalikuwa maji tu, lakini alijiona kama alipokuwa mdogo, amepatanishwa na dada yake na anaruhusiwa tena kucheza. Alimrudishia dada yake jagi kwa mikono miwili.

"Shemeji," Sulait akasema akilamba midomo, "mkigombana tena, juisi mimi niko tayari."

Zahara alichungulia ndani ya jagi kuhakikisha halikubaki tone.

"Kesho unameza saa ngapi?"

"Saa hii hii, baada ya chakula."

"Basi nitakupigia. Na wewe ushike simu."