P ya Pahari

Kipkirui aliuawa na mbu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Sosiot wapo watakaokuambia alikufa vitani, na hao wote walilishwa uongo na diwani Jonah.

Mimi na Kipkirui tulienda pamoja kuandikishwa jeshi mwaka wa tisini na mbili. Kwenye mbio nilimshinda. Lakini mimi niliishia darasa la sita, naye alikuwa na cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo jeshi la wanamaji likamchukua, nami nikarudi kuchanganya simiti. Maji mengi zaidi aliyokuwa ameyaona maishani ni ya josho la ng'ombe. Jonah alimcheka sokoni mbele ya watu, akasema jeshi limeishiwa na watu mpaka linaokota wachuma chai.

Miaka mitatu baadaye aliletwa ndani ya sanduku. Sisi wa nchi ya baridi hatuijui malaria. Ilimmaliza kwa siku nne. Ojwang, mwenzake kazini aliyesindikiza maiti, alinisimulia tukifukia kaburi. Alisema kule hakuna aliyemwita Kipkirui. Walimwita Pahari, kwa kuwa sisi Wakipsigis b yetu hutoka p, na siku ya kwanza alipoulizwa anajua nini juu ya bahari, alijibu, "Pahari sijui, afande, lakini nitajua." Walicheka wiki nzima. Mwishowe yeye ndiye aliyewafundisha wageni kufunga kamba, nao wakimwita Pahari walikuwa wamesimama wima.

Mwaka wa tisini na saba, uchaguzi ulipokaribia, Jonah aligundua ghafla kwamba alimpenda sana marehemu. Akaunda kamati, akajifanya mwenyekiti, akaniita nijengee kaburi kwa simiti. Siku hiyo alimwita marehemu Kipkorir mara mbili. Akanipa karatasi yenye maneno ya kuandika: SHUJAA ALIYEMWAGA DAMU BAHARINI.

"Damu gani, mheshimiwa?" nilimuuliza. "Huyu alikufa kwa malaria."

"Wewe changanya simiti," alisema. "Maneno tuachie sisi tuliosoma."

Alipoondoka kwenda Sotik kutafuta hema la kukodi, nililainisha simiti, nikachukua msumari, nikaandika: KIPKIRUI. PAHARI. 1971–1995. Basi. Karatasi yake niliitia kwenye zege, angalau ishike mawe. Simiti ikishakauka haimjui mheshimiwa wala diwani.

Jumapili baada ya ibada Jonah alivuta shuka lililofunika kaburi na kuanza kusoma kwa sauti ya kuomba kura. Alipofika kwenye P akakwama. Watu wakaguna, kisha wakaanza kucheka chini chini. Akawaomba wamsamehe fundi: hakumaliza shule, alitaka kuandika bahari akashindwa na herufi ya kwanza. Hapo wakacheka kweli, hata mzee wa kanisa. Jonah akaahidi kuleta fundi mwingine, aliyesoma.

Ningeweza kumjibu. Lakini ningelitaja jina lile pale, angelimeza na kulitapika kwenye hotuba yake kabla chakula hakijapakuliwa. Nikainamisha kichwa kama mtoto aliyefeli imla. Heri mimi niitwe mjinga kuliko Kipkirui awe bango la kura la mtu asiyelijua hata jina lake.

Kura Jonah alishindwa, na fundi wake aliyesoma sijamwona mpaka leo.

Siku ile watu walipokimbilia sufuria za wali, mama yake Kipkirui, Rebeccah, alibaki pale kaburini. Hajui kusoma. Aliweka kidole kwenye ile P.

"Umeandika nini hapa, mwanangu?"

"Pahari, mama."

Alilitazama kaburi, halafu akawatazama wale wa kwenye hema, ambao wengine walikuwa bado wanacheka.

"Si ndiyo iliyomchukua?" alisema. "Sasa wanacheka nini?"