Utando wa Juu, Utando wa Kati

Siku hizi mume wangu huniamkia kwa shikamoo. Nami humwitikia marahaba, maana nifanyeje? Yeye anajiona bado kijana wa kituo cha hali ya hewa, na mbele yake amesimama bibi mwenye mvi aliyemletea chai. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Mara ya pili nilikwenda kulia bafuni, nikafungulia bomba ili binti yetu asisikie.

Zamani alikuwa bosi wangu. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja na uwanja wa majani wenye vipimo, na kazi yetu ilikuwa kutazama mawingu kila saa na kuwasomea makao makuu kwa simu ili watoe utabiri. Niliyajua mawingu yote isipokuwa mawili. Utando wa juu ni mwembamba, jua hupenya, na mara nyingi pete ya mwanga hulizunguka. Utando wa kati ni mzito, wa kijivu, jua huonekana kama taa nyuma ya kioo kichafu, na mvua haiko mbali. Kwa maneno ni rahisi. Ukiinua shingo, yote ni weupeweupe tu.

"Wewe Ukungu," aliniambia, jina alilonibandika wiki ya kwanza, "acha kutazama juu. Tazama chini. Kivuli chako kiko wapi?"

Kivuli kikiwepo, ni utando wa juu. Kisipokuwepo, ni wa kati. Nilielewa upesi, mimi si mjinga, lakini niliendelea kukosea, kwa sababu kila nilipokosea alikuja kusimama karibu nami. Wenzetu walianza kunong'ona. Tukaoana, na siri hiyo sikumwambia.

Ugonjwa ulipomwingia kichwani, ulianza na funguo, ukaja kwa majina ya watoto, ukamalizia kwangu. Nilimwonyesha picha za harusi yetu. Alizitazama kwa adabu, akasema bwana harusi ni mtanashati. Hata katika kusahau, majivuno hayakumtoka.

Halafu asubuhi moja nilikuwa naanika nguo uani, yeye kwenye kiti chake, nikajisemea ovyo, "Utando wa kati huo, mvua hiyo yaja."

Aligeuka kama aliyechomwa na sindano. "Wewe Ukungu! Kivuli chako kiko wapi?"

Nilishika kamba ya nguo nisianguke. Ilikuwa sauti yake yenyewe, na ukali wake, na alikuwa ananiona mimi. Tuligombana kuhusu wingu mpaka chai ikapoa. Sijawahi kufurahia ugomvi kiasi kile.

Tangu hapo, kila utando ulipotanda, nilikosea, naye akanirudia kwa dakika chache. Anga ikiwa buluu tupu sikupata kitu. Mvua ikinyesha, vilevile. Nikawa mtumwa wa utabiri. Kila jioni nilikaa mbele ya televisheni, kisha nikamsumbua binti yangu atazame na kwenye simu.

"Mama, kwani una shamba gani?" aliniuliza.

"Tazama tu. Wamesema mawingu mepesi?"

"Wamesema jua. Jua wiki nzima."

Nililichukia jua lile. Wiki nzima nilikuwa mama wa kuamkiwa, basi.

Hatimaye mtangazaji alitaja mawingu mepesi ya juu. Asubuhi nilifua mashuka, nikavaa gauni analolipenda, au alilokuwa analipenda. Anga ilikuwa imefunikwa na utando mwembamba, jua limezungukwa na pete safi kabisa, na kivuli changu kimelala kwenye majani mbele ya miguu yake. Hata mtoto asingekosea.

"Utando wa kati huo," nilisema kwa sauti. "Mvua inakuja."

Aliinua uso, akatazama kwa muda mrefu. Nilisubiri nitukanwe.

"Kweli, mama," akasema. "Ngoja nikuanulie nguo."

Akainuka, akaanza kuondoa vibanio kimoja kimoja kwa uangalifu. Mashuka yalikuwa bado yanadondosha maji, yakamlowesha miguu, wala hakujali. Akaja kunipakatisha yote mikononi.

"Bosi," nikamwambia. "Hebu tazama chini."

Akatazama chini. Vivuli vyetu vilikuwa pale, viwili, vimeshikana mabegani. Alivitazama, akatazama huku na huku, uso umejaa huruma.

"Umeangusha nini, mama? Nikusaidie kutafuta."

Akainama, akaanza kupekua majani kwa vidole. Maji ya mashuka yalinipenya gauni mpaka kifuani. Nilitaka kumwita jina lake, nikaogopa ataniuliza nimelijuaje.

"Kitu kidogo tu," nikasema.

Nikaweka mashuka chini, nikapiga magoti kando yake, tukatafuta.