Sweta ya Veneranda na Vumbi la Kabatini

Saa moja na nusu asubuhi Agnesi, mfanya usafi, alimaliza kupiga deki katika ofisi ya kuunganisha familia za wakimbizi, Kigoma mjini, na kufikia saa mbili vumbi jekundu lilikuwa limesharudi mezani. Ilikuwa Julai. Bwana Oswald, mkuu wa ofisi aliyehamishiwa hapo kutoka Iringa, alikuwa na pumu, na kiangazi kilikuwa kinamtoa roho.

Siku hiyo aliingia Veneranda, Mrundi, amevaa sweta ya nailoni ya mtumba kutoka soko la Mwanga. Alikuja kumuulizia binti yake Eufrasia, ambaye walipotezana kijijini Kagunga, mpakani, siku ya kupanda meli ya kuja Kigoma, mtoto akiwa na miaka sita. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anauliza. Alipokaa, akaanza kusugua viganja kwenye sweta kwa wasiwasi, na vumbi lote la chumba likamfuata. Liliondoka mezani na dirishani, likaelea taratibu, likamganda kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Hewa ikabaki safi. Bwana Oswald akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Umeme tuli huo," alisema Nassib, fundi wa kompyuta. "Hata kitana ukikisugua kwenye nywele kinavuta vipande vya karatasi." Akaendelea kufunga skrubu zake.

Veneranda akaandikiwa kibali cha kukaa mjini badala ya kambini. Kilichukua dakika kumi. Akapewa kiti cha pembeni na chai ya saa nne, na kazi yake ikawa kukaa na kujisugua. Jioni Agnesi alimtoa uani na kumkung'uta kwa fagio la chelewa. Tatizo lilikuwa salamu tu. Kwao mtu hasalimiwi kwa kupungiwa, hushikwa mikono yote miwili, na kila aliyemshika alipigwa shoti. Wageni waliruka, wakacheka, wakamshika tena.

Baada ya wiki mbili vumbi la chumba liliisha, lakini yeye aliendelea kujaa. Sasa lilitoka mahali pamoja, chini ya mlango wa kabati la chuma lenye maombi ya wazazi waliopoteza watoto. Lilipita sakafuni kwa mstari mwembamba kama sisimizi. Kabati hilo lilikuwa na vumbi kuliko barabara ya Ujiji, na kila mtu aliiona aibu hiyo, akanywa chai yake.

Alhamisi moja vumbi lilimganda kifuani likafanya alama ya dole gumba, dogo, lenye kovu katikati. Watoto wote walipoandikishwa walipigishwa dole la kushoto kwenye fomu.

"Ni umwana wanje, mwanangu," alisema Veneranda. "Alijikata na kisu cha mihogo."

Bwana Oswald alivaa miwani akaangalia kwa makini. "Kweli, ni dole la kushoto. Basi fomu yake imo humo."

"Fungua, mzee wangu."

"Kabati hili hufunguliwa kwa barua ya maombi, mama."

"Niliandika. Mwaka wa kwanza tu."

"Ndiyo. Nayo imo humo."

Veneranda alilia, na machozi yakachimba njia mbili kwenye vumbi la mashavu yake. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Bwana Oswald. Alizishika. Alijua kwamba mtoto akipatikana, mama atarudi kambini kuishi naye, na kiangazi kilikuwa kimebakiza miezi miwili. Aliona haya, haya ya kweli, kama dakika tatu hivi. Halafu akamwagizia chai ya pili.

Jioni Agnesi alimkung'uta pande zote, akaikwepa ile alama. "Pole, dada," alisema. Veneranda hakuifua sweta tena.

Julai iliyofuata dole lilikuwa limekua, sasa la mtoto wa miaka kumi. Bwana Oswald alilipima kwa rula, akasema mtoto anaendelea vizuri, akamwomba Veneranda asogeze kiti karibu kidogo na kabati.