Bitana ya Majoho ya Pasaka

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya Pasaka, mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua majoho kumi na mawili. Alikunjua la kwanza, akaliinua kwenye mwanga.

"Fundi, mbona zambarau?"

"Si kama sampuli uliyoniletea?"

"Sampuli ilikuwa ya mshono tu! Zambarau ni ya Kwaresima. Kesho tunavaa nyeupe."

Mimi ni Mwislamu. Kwetu kanzu nyeupe huvaliwa mwaka mzima. Sikujua kwamba kwao rangi ina majira yake. Yeye naye hakudhani jambo hilo lingehitaji kusemwa.

Alikaa kwenye kigoda. Kamati ya kanisa ilikuwa imetaka kazi wapewe mafundi wao, naye akanitetea mbele ya wote. "Watanitafuna mzima mzima," alisema.

Mke wangu alikuwa anakata nyuzi. Alichukua joho, akaingiza mkono ndani, akaligeuza ndani nje.

"Mwalimu, tazama. Nilimgombeza huyu wiki nzima: bitana ya ndani haionwi na mtu, weka kitambaa chepesi. Akang'ang'ania kitambaa kizito, cheupe pe. Leo namshukuru, lakini asizoee."

Mishono yote ilikuwa imefichwa katikati ya vitambaa viwili. Majoho yenyewe ni ya kuvalia kichwani, hayana vifungo. Kasoro ilikuwa moja: lebo ya duka langu, ambayo sasa ilikaa nje, nyuma ya shingo. Nilizifumua lebo kwa wembe, mke wangu akapiga pasi, mwalimu akakunja. Kufikia alasiri alikuwa ameanza kuimba.

Asubuhi ya Pasaka nilihesabu lebo kwenye kopo. Kumi na moja.

Nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara nyembamba, mkabala na kanisa. Watu walipotoka, kwaya ilimeta kwa weupe. Nyuma ya shingo ya yule mwimbaji mnene wa besi ilikuwepo lebo yangu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameinama akiisoma, kisha akainua pindo.

"Mwalimu, na hii zambarau?"

"Tulikosea rangi, mzee. Tukageuza."

Mzee alilipapasa joho nje na ndani, bila haraka.

"Basi Kwaresima ijayo hatushoni mengine," alisema. Akaniona, akapunga mkono. "Fundi! Njoo utoe bango lako, au utulipe pesa ya tangazo!"

Nilivuka barabara nikicheka, wembe mfukoni.