Mkuki wa Jikoni kwa Shangazi

Jumapili baada ya misa ya pili, Flavian alizipanga silaha za dunia juu ya meza mbili za ukumbi wa harusi pale Kasense, kwa maonyesho yake ya karate. Alianza na fimbo ndefu ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, aliyoichonga mwenyewe. Zikafuata nanchaku, vile vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, kisha fimbo fupi pacha za Wafilipino, na mkuki wa Kichina wenye manyoya mekundu shingoni, ambayo kusema kweli yalikuwa nyuzi za sweta kuukuu la mkewe. Mwisho akaweka sai mbili, vyuma vyenye ncha tatu mfano wa uma mkubwa. Hizo alizisukuma pembeni kabisa. Angependa kuziacha nyumbani, ila wanafunzi wangeziulizia.

Alikuwa amefundisha karate Sumbawanga kwa miaka tisa, na mji mzima ulimwita Sensei, hata wauza ulezi wa sokoni. Sifa alizipenda, tusifichane. Ndizo zilizomponza.

Mwaka juzi alitakiwa kufanya mtihani wa mkanda mbele ya walimu wa kutoka Mbeya, na silaha aliyoichagua ilikuwa sai. Mhunzi alimfulia ya kwanza kwa kipande cha nondo. Ya pili Flavian akataka iwe ya chuma cha Ufipa chenyewe, kile walichokiyeyusha wazee kwenye matanuru marefu ya udongo kabla chuma cha dukani hakijafika. Alijua kilipo. Jikoni kwa shangazi yake Bertilla, hapo hapo Kasense, kulikuwa na mkuki uliochomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mafiga, mweusi kwa moshi. Baba yake Bertilla aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa mfua chuma. Siku Flavian alipokwenda kubadilisha nyasi za jiko lile, aliushusha, akauzungushia turubai, akaondoka nao. Alijiambia kwamba pale ulipo haumsaidii mtu, na kwamba shangazi angefurahi kuona umepata kazi. Angemwambia baada ya mtihani.

Mtihani alifaulu. Kumwambia, hakumwambia. Wiki ileile mkuki uliposhushwa, shangazi aliinua macho akaona pengo kwenye paa, na lawama zote zikamwangukia Benjamini, mwanawe wa kumzaa. Nani mwingine? Benjamini alikuwa akizunguka na baiskeli na mizani yake kununua vyuma chakavu. Alikana, akapiga magoti, akaomba apelekwe hata altareni akaape. Mama yake akamwambia asikanyage tena kwake. Flavian alikuwepo kwenye kikao kile cha ukoo, na alipoombwa naye aseme neno, kwa kuwa ni mtu anayeheshimika, alisema vijana wa siku hizi tamaa zimewazidi. Alisema hivyo yeye, kwa kinywa chake, huku chuma kikiwa kwa mhunzi. Benjamini alishuka bondeni, Mtowisa, kwenye joto, kulima mpunga wa watu. Mwaka na nusu sasa, na Flavian hakuwahi kumpigia simu hata mara moja. Angemwambia nini?

Leo shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitenge chake cha misa, kidevu juu, kwa sababu mwenye shughuli ni mtoto wa kaka yake. Flavian alieleza silaha moja moja, akaonyesha namna ya kuishika na ya kuikwepa, watu wakapiga makofi. Alipozifikia sai, Scola, mwanafunzi wake wa mkanda wa kahawia, akanyoosha mkono.

“Sensei, Wajapani tumewaona, Wachina tumewaona. Sisi Wafipa tulipigana na nini?”

Watu wakacheka. Bertilla ndiye aliyesimama kujibu.

“Na mkuki,” alisema. “Wa baba yangu ungekuwa juu ya meza hiyo leo, Flavian angetuonyesha. Lakini mimi nilizaa mwizi.”

Akaketi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake wa siku nyingi.

Flavian angeweza kumshukuru na kuendelea, na midomo ilikuwa imeshafunguka kufanya hivyo. Ila aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Akazichukua sai zote mbili, akamwendea shangazi, akapiga magoti mbele ya ukumbi mzima.

“Shangazi, hukuzaa mwizi. Mkuki niliuchukua mimi, nikaupeleka kwa mhunzi. Ndio huu.”

Bertilla hakulia wala hakumtukana, na Flavian alitamani angalau amzabe kofi. Alivipokea vile vyuma, kimoja huku kimoja huku, akavipima uzito kwa viganja. Cha nondo alikiweka chini, karibu na magoti ya Flavian. Kile kingine alikipitishia kidole gumba taratibu, kisha akakifunga kwenye pindo la kitenge chake.

“Siku ya kikao,” alisema, “ulisema tamaa zimewazidi.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Nikakuamini wewe, nikamfukuza wa tumboni mwangu.”

Flavian aliinamisha kichwa. Wanafunzi wake waliosimama na mikanda yao walitazama sakafu.

“Mpigie,” shangazi alisema. “Namba yake mimi niliifuta.”

Flavian akatoa simu, akapiga. Iliita mara mbili tu. Benjamini alipokea, ng'ombe wakilia nyuma yake, na hakungoja hata salamu.

“Kaka Flavian,” aliuliza, “mama amekufa?”

Bertilla aliinama akaisogelea simu, Flavian akamshikia sikioni. Aliishika hivyo hadi mwisho wa mazungumzo, bado amepiga magoti, akisikia kila neno.