Mkoba Mapajani mwa Mama Mkwe

...na sasa ameupakata, ameuweka mapajani, mikono yote miwili juu yake, na mimi nimesimama hapa uani na Prisca mgongoni, mbeleko imekwisha kukaza, sababu ya kunishikia mkoba imekwisha, "lete nikushikie, mwanangu, umfunge mtoto vizuri," ndivyo alivyosema, nikampa, mkono ulikwenda wenyewe, nani anamnyima mama mkwe kitu cha kushika, na sasa harudishi, anaongea tu, habari za ufuta, kwamba mwaka huu umewahi kukauka, kwamba hapa Mbekenyera watu wameshaanza kukata, naitika "ndiyo, mama," sijui nimeitikia nini, macho yangu yako kwenye kile kifungo cha shaba, Mungu wangu, kisifunguke, nimeujaza mno, mkoba wa kanisani unakaa bapa, una rozari na leso na sadaka basi, huu umevimba, na mwanamke aliyezaa mara nyingi vile anajua kwa kutazama kitu kilichobeba kitu kingine... magauni ya Prisca yamo, nimeyakunja hadi yakawa kama ngumi, na kitenge changu, na kipande cha sabuni, angeunusa tu angejua, nani anakwenda na sabuni ya kufulia kwenye mkutano wa akina mama parokiani... "Nyinyi mnakata lini?" anauliza, nasema, "Rogath ndiye anajua, mama," mume wangu Rogath yuko Ruangwa tangu asubuhi, kwenye ghala, na gari la Nachingwea lazima lipite Ruangwa, nitainama likifika pale, nitajifanya namnyonyesha mtoto, nitajifunika khanga kichwani... wiki nzima nimewaza chombo cha kubebea, ninachambua kunde nawaza, ninachota maji nawaza, sanduku la harusi hapana, sanduku linapiga kelele njia nzima, huyu anahama huyu, kikapu hapana, kikapu kinasema sokoni, kila jirani angenituma chumvi, na anayekwenda sokoni havai viatu vya kufunga, mfuko wa rambo hapana, unaonyesha kilichomo, mwenye rambo na mtoto mgongoni watu wanamjua mara moja kwamba anakimbia, ukabaki huu, mkoba wa rangi ya damu ya mzee, alionipa dada Gaudensia siku ninaondoka kwetu Marambo, huu unasema mke wa mtu, mama wa jumuiya, anakwenda kusali, atarudi kupika, nilitaka uniongopee watu wote hadi nifike kwa dada, na ungeweza, ungeweza kabisa, kama usingefika kwenye mapaja haya... ni Rogath aliyenifundisha kwamba mkoba unasema, bado ni bibi harusi, nimetoka kumwona jirani, akaushika, akaumwaga kitandani, kitana, kioo, kijiti cha wanja, akakigusa kwa kidole kimoja, "Mkoba wako ndio utaniambia wewe ni mwanamke wa namna gani. Wanja wa nini? Wa nani?" nikacheka, nilidhani ananitania, mume mpya, nikacheka hadi mkono ulipofika, na tangu hapo kila jioni kabla ya chakula anasema "Mwaga," neno moja tu, nami namwaga, natazama vitu vyangu vinavyodondoka na mimi mwenyewe sijui vitanisemea nini leo, na juzi ilikuwa pipi, pipi tupu, mwenye duka alimpa mtoto, "Nani kakupa?" akamtoa Prisca mapajani kwangu kwanza, taratibu, akamketisha kwenye mkeka, ndipo, na Prisca hakulia, hicho ndicho, si mbavu, mbavu zitapona, mtoto alikaa anatazama na pipi yake mdomoni, hakulia, ameshazoea, mtoto ambaye hata meno hayajatimia ameshazoea... "Mbona husikii, mama Prisca?" "Nasikia, mama." "Nasema mkoba mzuri." "Asante, mama." "Mzito." ...amesema mzito, amesema kweli au nimesikia vibaya, niseme nini, niseme nimebeba mahindi ya mapadri, niseme vitabu vya nyimbo, vitabu ni vizito, lakini vitabu vina pembe na huu hauna pembe, anaubonyeza, vidole vyake vinaubonyeza kama anavyobonyeza embe, niukwapue, niukwapue nikimbie, mama mzee huyu atanifikia wapi, lakini atapiga ukelele na ua mzima utatoka... na hapo pikipiki, nasikia pikipiki, inatoka upande wa Ruangwa, ni yeye, amewahi, ghala limefungwa, mtu amemwambia, jasho linanitoka chini ya mtoto, Prisca amenikaza shingo, naye anaijua sauti hiyo, inakaribia, inapunguza mwendo kwenye kona, Maria Mtakatifu, inapita, inapita moja kwa moja, ni katekista na joho lake limefungwa nyuma, vumbi linabaki, ninapumua, na ndipo ninapoona kwamba mama ameacha kuongea, tangu lini sijui, ufuta umekatika katikati, na mkoba hauko mapajani tena, ameusukuma nyuma yake, ukutani, ameufunika kwa upande wa khanga yake, mama Lusiana huyu anayekamata nyoka kwa mikono mitupu, anaurudisha mapajani polepole, hanitazami, anatazama barabara, "Mimi nilitoka na kapu," anasema, "kapu, mama?" "Nikimkimbia baba yake Rogath. Kapu kubwa, na chungu juu. Chungu! Nilikuwa mjinga. Kila mtu njiani, Lusiana, unahamia wapi? Sikufika hata Ruangwa. Wakanirudisha." Anapangusa vumbi juu ya mkoba. "Rogath alikuwa tumboni." ...kumbe alijua, alijua tangu alipoupokea, aliupima kwa mkono akajua, akaupakata ili anayepita barabarani asiuone, si mimi niliyekuwa nazuiwa, na mimi nimesimama hapa namwogopa, mwanamke huyu aliyekuwa akisikia kupitia ukuta kila jioni lile neno mwaga, na asubuhi ananiletea maji ya moto bila kuuliza, nilidhani haulizi kwa sababu ni mwanawe... na jioni ya leo, sikuwaza jioni ya leo, nimewaza Ruangwa, nimewaza kwa dada, sikuwaza jioni hapa, Rogath atarudi, ataingia chumbani, hakuna mke, hakuna mkoba wa kumwaga, kuna mama tu barazani na ufuta wake, atamuuliza nani, atamuuliza yeye, na akishasema sijui, halafu je, damu ni ile ile ya baba yake, na hakuna hata mmoja wa kusikia ng'ambo ya ukuta... gari linapiga honi pale kwenye mashine ya kusaga, linaita abiria, "Kaza mbeleko," mama anasema, "njiani kuna vumbi," imeshakaza, mama, unajua imeshakaza, na bado ameupakata, na mimi sitaki tena kuudai, ninachotaka kumwambia sasa ni neno jingine, miguu unayo, mama, khanga ni hiyo uliyovaa, usichukue kitu, usichukue hata chungu, twende, dada ana chumba, twende, honi inapiga tena, naogopa, hofu si ile ya asubuhi, naogopa kwamba nitamwambia twende, naye ataangalia ufuta wake uani, atatikisa kichwa, na atanipa mkoba.